Barza ya Mafundi: gemu kwa saa 48

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa vijana, na mzazi mmoja, kuhusu gemu jamu: yale mashindano ya kutengeneza gemu ya kompyuta tangu mwanzo hadi mwisho kwa siku mbili au tatu, mada ikitangazwa pale pale saa inapoanza kuhesabiwa. Barua tumezifupisha, na zilizouliza jambo moja tumezijibu pamoja.

Assalaam aleykum. Nasikia jamu ziko nyingi. Ipi inamfaa anayejua kuandika programu lakini hajawahi kutengeneza gemu? Na saa zao za kufunga mbona hazieleweki? (Mgeni wa Jamu, Wete)

Wa aleykum salaam. Anza na isiyokudai nauli. Global Game Jam, iliyoanza 2009, hufanyika mwishoni mwa Januari, na desturi yake ni watu kukusanyika mahali pamoja. Mwaka ambao hakuna kituo karibu nawe, utamu wake mwingi unakupita. Ludum Dare ni ya tangu 2002, iko mtandaoni, na ina milango miwili. Compo ni saa 48, uko peke yako, na msimbo, picha na sauti vyote uvitengeneze ndani ya saa hizo. Jam ni saa 72, kikundi ruhusa, na vitu vilivyotengenezwa na wengine ruhusa pia ikiwa leseni inakubali. Jamu ya GMTK (chaneli ya YouTube ya Game Maker's Toolkit) iko kwenye itch.io, tovuti ya kupandishia na kuchezea gemu, na tangu 2024 inatoa saa 96. Washiriki wake ni maelfu, kwa hiyo usiingie ukitaka kuonekana; ingia utake kumaliza.

Mwenye bando dogo na anayejua JavaScript tunampeleka js13kGames. Inafunguliwa Agosti 13, inafungwa Septemba 13, na gemu nzima ikishafungwa kwenye faili la zip isizidi baiti 13,312. Unahitaji programu ya kuandikia na kivinjari, basi.

Saa sasa. Zanzibar iko saa 3 mbele ya UTC, saa ya kimataifa, mwaka mzima, kwa hiyo 17:00 UTC ni 20:00 ya huku, saa mbili usiku. Mtego uko kwa wanaobadilisha saa zao majira ya joto. Saa ya Uingereza mwezi wa Julai imeshasogea moja mbele, hivyo unaongeza 2 badala ya 3. Jamu ikisema 11:59 PM ya California mwezi wa Agosti, huku ni saa nne kasoro dakika moja asubuhi, siku ya pili yake. Ukurasa wa jamu kwenye itch.io una saa inayohesabu kurudi nyuma. Ifuate hiyo, halafu andika mwisho wako kwa saa ya Kiswahili kwenye karatasi na uibandike mbele yako.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na intaneti yangu ni ya bando la simu. Nitumie injini gani? (Mwanafunzi, Tunguu)

Godot. Ni injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, ya bure kabisa, leseni yake ni ya MIT (huria), haikudai akaunti, na yenyewe unaipakua kwa chini ya MB 100. Unity ni injini nzuri lakini usakinishaji wake ni wa gigabaiti kadhaa, na kwa RAM hiyo utakuwa unakunywa chai kila ukibonyeza kitufe.

Lakini hizo MB chache ndizo zinazowaponza watu. Godot peke yake haiwezi kutoa gemu iliyokamilika: inataka kifurushi cha pili, violezo vya kutolea gemu, na kifurushi hicho kina ukubwa wa karibu GB 1 kutegemea toleo. Wengi wanakigundua Jumapili jioni, saa moja kabla ya kufunga, bando limebaki MB 200. Kipakue wiki moja kabla, mahali penye Wi-Fi, na hakikisha namba ya toleo inalingana na ya injini yako herufi kwa herufi. Violezo vya 4.3 havikubali kwenye 4.4. Ukishavipata usiguse kitufe cha kusasisha mpaka jamu iishe.

Unapofungua mradi mpya utaulizwa njia ya uchoraji. Chagua Compatibility. Kwanza, laptopu kongwe nyingi hazina Vulkan (mfumo mpya wa kuamuru kadi ya picha), na njia nyengine mbili zinautaka huo au wa aina yake. Pili, gemu za Godot 4 za kwenye kivinjari zinakubali Compatibility tu. Andika kwa GDScript, lugha ya Godot yenyewe, hata kama C# unaijua zaidi, kwani miradi ya C# ya Godot 4 haitoki kwenda kwenye kivinjari, na jamu ni kivinjari: mshiriki mwenzako anayepiga kura baada ya jamu ana gemu mia za kujaribu, ya kupakua na kusakinisha ataipita. Maelezo ya lugha yamo ndani ya injini, bonyeza F1, hayahitaji mtandao.

Usiku mmoja kabla ya jamu fanya zoezi hili: tengeneza mraba unaosogea kwa mishale, utoe kwa ajili ya kivinjari, uupandishe itch.io ukurasa ukiwa wa siri, kisha ufungue kwa simu ya mtu mwengine. Ukifanikiwa, umeshamaliza sehemu inayowashinda wengi.

Tuko watatu: mmoja programu, mmoja kuchora, mmoja muziki. Jamu iliyopita hatukumaliza. Tulitaka gemu ya karafuu: unapanda, unachuma, unachambua, unaanika, unapeleka kituoni, unalipwa, unanunua shamba jengine. Tumekosea wapi? (Watatu wa Chake)

Hizo ni gemu saba. Chagueni moja, nasi tungechagua kuanika, maana ndiko kwenye mashaka yanayoeleweka bila maelezo: karafuu zinataka jua siku kadhaa, wingu linatokea, mtu anakimbia kukunja majamvi. Anayecheza akiwa Brazil hajui makonyo ni nini, lakini mvua anaijua.

Gemu iwe hii. Uwanja mmoja, skrini ya pikseli 640 kwa 360, ambayo ikizidishwa mara 2 ni 1280 kwa 720 na mara 3 ni 1920 kwa 1080, kwa hiyo picha zenu za pikseli hazivurugiki. Majamvi sita. Kila jamvi lina namba moja tu nyuma yake, ukavu, kutoka 0 hadi 100. Likiwa limetandikwa juani, ukavu unapanda 4 kwa sekunde. Likikunjwa unasimama. Likinyeshewa wazi unashuka 15 kwa sekunde. Kivuli cha wingu kinapita uwanjani sekunde 3 kabla ya tone la kwanza. Kukunja jamvi moja ni kushikilia kitufe nusu sekunde. Raundi ni sekunde 90, alama ni majamvi yaliyofika 100.

Pigeni hesabu: majamvi sita kwa nusu sekunde ni sekunde 3 kamili, na hapo mchezaji hajapiga hata hatua. Hawezi kuyaokoa yote. Aliokoe lenye 80 lililo mbali, au mawili yenye 30 yaliyo miguuni pake? Hapo ndipo gemu ilipo. Wingu likitangulia kwa sekunde 6, anayakunja yote na hakuna mchezo. Likitangulia kwa sekunde 1, anaona anaonewa. Kwa sababu hiyo namba zote hizi zikae pamoja juu ya faili moja, kila moja na jina lake, mzibadili bila ya kutafutana. Jumamosi nzima itakwenda kwenye namba hizo.

Tuseme jamu inafunguliwa Ijumaa saa mbili usiku. Hadi saa sita usiku pawe na gemu inayochezeka kwa miraba mitupu: mraba wa kahawia jamvi, mraba mweusi mtu, skrini ikigeuka kijivu ndiyo mvua. Mchoraji asichore chochote cha kudumu kabla miraba hiyo haijafurahisha, kwani mengi atakayochora usiku huo yatatupwa asubuhi. Lalani. Jumamosi baada ya Adhuhuri mpeni acheze mtu asiyehusika, mkae kimya nyuma yake bila kumwelekeza. Akiuliza "nifanye nini?" maelezo yenu hayatoshi, akikunja jamvi mapema kwa hofu, kivuli hakionekani vyema. Jumamosi Maghrib mlango wa mawazo mapya ufungwe. Jumapili ni ya sauti, ukurasa wa kuanzia, na kurekebisha. Adhuhuri ya Jumapili gemu iwe imeshapandishwa, hata kama ina kasoro. Kuanzia hapo kila mnachofanya ni kubadilisha faili lililokwishapokelewa.

Kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi yenu, mkubaliane mapema: onyesho (scene) moja la Godot lina mwenyewe mmoja. Faili zake, za .tscn, ni maandishi, na wawili wakihariri moja kwa pamoja, kuziunganisha saa nane za usiku ni adhabu.

Nataka kutengeneza bao la Kiswahili kwa saa 48, mtu acheze na kompyuta. Inawezekana? (Mpenda Bao, Makunduchi)

Nusu yake inawezekana. Bao kamili lina namua (kuingiza kete za mkononi) na mtaji (kucheza za ubaoni tu), lina nyumba, shimo lenye sheria zake, lina kutakata (kusambaza bila kula), na ukikosea kanuni moja wazee wa barazani watakugundua kabla kete haijatua. Kwa jamu tengeneza bao la kujifunza: mashimo 32, kila shimo kete 2, jumla 64, mkononi hakuna kitu. Ule mpango wa kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 pembeni yake na 22 mkononi uongeze wiki zinazofuata.

Mashimo ya kila mchezaji yaweke kwenye safu ya namba 16. Shimo 0 hadi 7 ni mstari wa mbele kutoka kushoto kwake, 8 hadi 15 ni mstari wa nyuma ukirudi. Kusambaza upande mmoja ni `(i + 1) % 16`. Upande wa pili usiandike `(i - 1) % 16`. Kwenye JavaScript, `-1 % 16` ni `-1`, shimo ambalo halipo. Ukiliongeza kete unapata NaN (yaani "si namba"), na kete inapotea kimya kimya. Andika `(i + 15) % 16`. Shimo la mpinzani linalotazamana na lako la mbele ni `7 - i`, kwa kuwa kushoto kwake ni kulia kwako. Ukiandika `i` tu, utakula kete za upande usio. Kila baada ya hatua programu ijumlishe kete zote. Zisipokuwa 64, isimame na ipige kelele. Mstari huo mmoja utakuokolea usiku mzima.

Jambo jengine ambalo wachezaji hulikuta kwa nadra lakini kompyuta italikuta: katika bao kuna mikao ambayo kete zikianza kusambazwa hazimaliziki. Kompyuta ikijaribu hatua kama hiyo inaganda. Weka kikomo, tuseme mizunguko 200, na hatua itakayokizidi ihesabiwe kuwa haifai. Mpinzani wa kompyuta naye asikuumize kichwa: mashimo 16 kwa pande mbili ni hatua 32 kwa wingi, azijaribu zote na achague inayokula kete nyingi. Kwa anayejifunza anatosha, kwa fundi wa Makunduchi hatoshi, na wapiga kura wa jamu wengi wao ni wa kundi la kwanza.

Kete zionekane zikitua moja moja, kila moja kama sekunde 0.15. Hatua ndefu ikizidi kete 20, ziongezee kasi, la sivyo mchezaji atafungua ukurasa mwengine.

Gemu yetu ya Godot inacheza vizuri kwenye laptopu, lakini itch.io tunapata skrini nyeusi. Mara nyengine inafunguka bila sauti, na rafiki yetu aliyeko Dar anasema mchezaji anakimbia kupita kiasi. (Waliokwama, Mwanakwerekwe)

Ni matatizo matatu, kila moja na sababu yake.

Skrini nyeusi: angalieni kwanza faili la zip. Lazima liwe na `index.html`, kwa jina hilo hilo, juu kabisa na si ndani ya folda nyengine. Pili, kama katika mipangilio ya kutolea mmewasha nyuzi (threads), basi kwenye ukurasa wa itch.io wekeni alama pale palipoandikwa SharedArrayBuffer. Kuanzia Godot 4.3 mnaweza kuzizima nyuzi na kuondokana na habari hiyo, nasi tunasema zizimeni. Tatu, na hii ndiyo tunayoiona mara nyingi, herufi kubwa na ndogo. Windows inaona `Karafuu.PNG` na `karafuu.png` ni faili moja. Gemu ikishatolewa, hizo ni mbili, na yenu haipo. Andikeni majina yote kwa herufi ndogo bila nafasi, tangu siku ya kwanza. Mkiwa mnasoma faili la .txt wakati gemu inaendelea, liorodhesheni kwenye kichujio cha kutolea, kwani Godot haibebi aina isizozitambua. Bonyezeni F12 kwenye kivinjari. Jina la faili linalokosekana mara nyingi limeandikwa pale kwa rangi nyekundu.

Sauti: vivinjari haviruhusu ukurasa kupiga sauti kabla mtu hajabonyeza kitu. Wekeni skrini ya mwanzo yenye "Bonyeza kuanza", na muziki uanze baada ya hapo.

Mbio: tunakisia mmeandika `position.x += 5` ndani ya `_process`. Amri hiyo inatekelezwa mara moja kila fremu, yaani kila picha inapochorwa upya. Kwenye skrini ya hertz 60 ni pikseli 300 kwa sekunde; kwenye ya hertz 144, kama hiyo ya Dar, ni 720; laptopu iliyochoka ikitoa fremu 30 ni 150. Andikeni `position.x += 300 * delta` (delta ni muda uliopita tangu fremu ya kabla) na kasi itakuwa moja kila mahali. Ila kama mnatumia `velocity` na `move_and_slide`, msiizidishe na delta, kwa sababu kazi hiyo inafanyika ndani yake. Mkizidisha tena mchezaji atatambaa.

Naweza kutumia taarab ya zamani kama muziki wa gemu? (Mpiga Ganuni, Mkunazini)

Rekodi ya watu, hapana, labda uwe na idhini yao kwa maandishi. Kuwa iko YouTube si idhini. Lakini ganuni unalo mwenyewe: rekodi kipande cha sekunde 30 au 40 kinachoweza kujirudia, kwa simu, chumbani kwenye magodoro na mapazia, feni ikiwa imezimwa. Muziki uhifadhi kwa OGG. Dakika moja ya WAV ya stirio ni karibu MB 10, ya OGG ni karibu MB 1. MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni, na muziki unaojirudia utasikika ukikwama kila ukifika pale. Vishindo vifupi kama kuruka au kuokota ndivyo vya WAV. Kwa vishindo hivyo kuna sfxr, programu ndogo iliyotengenezwa 2007 kwa ajili ya washiriki wa Ludum Dare. Unabonyeza kitufe inakutolea mlio. Picha na sauti za tovuti ya Kenney ni za CC0, unatumia bila kuomba. Freesound, tovuti ya sauti, ina leseni za kila aina, soma ya kila faili kabla hujalipakua.

Mwanangu ana miaka 14, yuko skuli, na wikiendi ya jamu halali. Ni kazi au ni upuuzi? (Mama wa Mkoani)

Ni kazi, mama, lakini kutolala si sehemu yake. Msimbo ulioandikwa alfajiri ndio unaofutwa mchana. Mwekee sharti la saa saba za usingizi kila usiku. Kwenye jamu ya saa 48 bado anabakiwa na saa 34. Na Jumapili mwombe akuonyeshe gemu uicheze wewe. Atakachojifunza kwa kukutazama unavyohangaika na vitufe hakimo kwenye video yoyote.

Umeme ukikatika katikati ya jamu tunafanyaje? (Wengi, Unguja na Pemba)

Hifadhi kwenye Git kila kitu kidogo kinapofanya kazi, na kila saa nakili folda yote kwenye flashi. Laptopu ianze jamu ikiwa imejaa chaji, mwanga wa skrini nusu. Kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya akiba), ikizimika wakati faili linaandikwa, faili hilo linaweza kubaki tupu. Kwa kupandisha gemu kwenye mtandao dhaifu tumia butler, chombo cha itch.io wenyewe: baada ya mara ya kwanza kinatuma sehemu zilizobadilika tu.

Tulimaliza na kupandisha Ludum Dare, lakini hatukupewa nafasi yoyote. Kwa nini? (Wamalizaji, Bububu)

Hamkufikisha kura 20. Chini ya hapo gemu haipangwi, hata ingekuwa nzuri vipi. Kura zinakuja kwa kupiga kura: ukizijaribu gemu za wenzako na kuwaandikia maoni ya maana, yako inasogezwa mbele ili ionekane. Gawaneni gemu 15 kila mmoja katika siku tano za mwanzo, mkianza na zile zenye kura chache.

Angalieni na picha ya jalada. Kwenye itch.io ukubwa unaopendekezwa ni pikseli 630 kwa 500, nayo ndiyo inayoonekana kwenye orodha kabla mtu hajabonyeza. Jina lisomeke hata picha ikipunguzwa hadi nusu. Vitufe viandikwe kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na mishale ikubali pamoja na WASD (herufi za kusogea), kwa sababu kwenye kibodi za Ufaransa W na A haziko mahali mnapopajua.

Barua zaidi zinapokelewa. Anayeuliza kuhusu hitilafu aambatanishe maneno ya kosa kama yalivyo, pamoja na toleo la injini.